Miguu Kwanza, Injini Baadaye: Somo kwa Wenye Magari ya Kasi na Mafundi

Wakazi wengi wa Changamwe, Kisauni na Likoni huijua sauti ya Subaru ya turbo kabla ya kuliona gari lenyewe. Mapenzi hayo yana historia. Mwaka 1997, Colin McRae alishinda Safari Rally akiendesha Subaru Impreza, na mashindano hayo, yaliyoanza mwaka 1953, yalirudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021. Leo kijana anayepata Impreza ya kawaida huanza mara moja kutafuta injini kubwa iliyotumika kutoka Japani.

Kazi ya kubadilisha injini inawezekana, na mafundi wa jua kali wanaoiweza wapo. Penye hitilafu ni mpangilio. Gari huongezewa nguvu kabla ya miguu na breki kuimarishwa, kisha huingia barabarani likiwa na nambari ya injini isiyolingana na kitabu cha umiliki. Kosa la kwanza linaweza kuua mtu. La pili linaweza kumfikisha mwenye gari kortini.

Kwa nini miguu kwanza

Impreza ya injini ya lita 1.5 iliyouzwa Japani katika miaka ya 2000 ilikuwa na nguvu za farasi 110 hivi. WRX ya lita 2.0 yenye turbo, ya miaka hiyo hiyo, ilikuwa na 250 hivi. Kiwanda hakikubadilisha injini peke yake. WRX ilipewa breki kubwa zaidi, giaboksi ya nguvu zaidi na springi ngumu zaidi. Anayehamisha injini na kuviacha hivyo vingine anachukua nusu ya gari.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Kasi ikiongezeka mara mbili, nishati ambayo breki lazima ziimalize huongezeka mara nne. Gari la kilomita 50 kwa saa husafiri karibu mita 14 kila sekunde. Kwa kilomita 100 husafiri karibu mita 28, na dereva akichelewa sekunde moja tu kukanyaga breki, mita hizo zote zimekwisha kupita. Katika njia ya kuelekea feri ya Likoni, ambako watu hutembea kwa wingi, au penye kituo cha matatu cha Kisauni, mita 28 zinatosha kumfikia mtoto wa shule aliyekuwa bado upande wa pili.

Kutengeneza miguu

Hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi hula chuma. Kabla ya kununua spea yoyote, fundi anyanyue gari, aliegemeze juu ya stendi imara, kisha aangalie kutu. Jeki ni ya kunyanyulia tu. Hakuna mtu anayepaswa kulala chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Sehemu za kuangaliwa ni pale shoki zinapofungwa kwenye bodi, fremu ya chini inayobeba injini, na mabomba ya breki. Chuma kikitobolewa na bisibisi, kazi ya kwanza ni kuchomelea au kubadilisha chuma hicho.

Baada ya hapo, mpangilio ni huu:

1. Kagua bushi za mikono ya chini, boli jointi na ncha za usukani. Mpira uliopasuka au jointi inayocheza ibadilishwe.

2. Badilisha shoki kwa jozi, za mbele mbili au za nyuma mbili. Shoki mpya upande mmoja na kuukuu upande wa pili hufanya gari livute dereva akishika breki.

3. Bana springi kwa kifaa chake kabla ya kulegeza nati ya juu ya shoki. Springi inayohitaji nguvu ya niutoni 30 kwa kila milimita, ikibanwa milimita 100, husukuma kwa niutoni 3,000, karibu sawa na uzito wa kilo 300. Nati ikifunguliwa bila kifaa, uzito huo hurukia uso wa fundi. Kamba na waya si badala ya kifaa hicho.

4. Kaza boli za bushi gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Hili husahauliwa mara nyingi. Boli zikikazwa miguu ikining'inia, mpira wa bushi hufungwa ukiwa katika mkao usio wake. Gari likishushwa mpira hujisokota, na bushi mpya hupasuka mapema.

5. Pima alaimenti ya magurudumu kabla ya gari kurudi kazini, la sivyo tairi mpya zitaliwa upande mmoja.

Kukata springi ili gari lishuke si matengenezo. Springi iliyokatwa inaweza kutoka mahali pake gari linaporuka tuta, na shoki hufika mwisho wa safari yake kila mara.

Kubadilisha injini

Injini inunuliwe pamoja na kompyuta yake na waya zake. Mara nyingi pesa zinazopotea katika kazi hii hupotea kwenye umeme, mwezi mzima baada ya injini kufungwa.

Kabla ya kulipa, mnunuzi adai kompresheni ipimwe. Injini ya Subaru ina silinda nne zilizolala, mbili kila upande, na vipimo vya zote vinapaswa kukaribiana. Silinda moja ikiwa chini sana, injini hiyo ni mzigo.

Injini ikiwa bado iko chini, ndiyo nafasi ya kubadilisha mkanda wa taiming, pampu ya maji, sili ya nyuma na klachi. Katika EJ20 ya turbo, mkanda ukikatika, pistoni hugonga valvu na injini huharibika.

Siku ya kufunga, waya hasi ya betri itolewe kwanza. Gesi ya AC itolewe na fundi mwenye mashine, isiachiwe hewani. Kila waya na mpira uwekewe alama. Injini mpya ikishafungwa, izungushwe kwanza bila kuwaka ili oili ifike kila mahali. Hewa itolewe yote kwenye njia za maji, kwa sababu katika joto la Mombasa na foleni za Changamwe, rejeta dhaifu huua injini haraka kuliko kasi.

Karatasi zake

Nambari ya injini ni sehemu ya rekodi ya gari. Chini ya Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, mabadiliko yanayoathiri rekodi hiyo lazima yaripotiwe. Kazi hiyo iko chini ya NTSA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, na maombi hufanywa kupitia eCitizen. Gari hukaguliwa, na mwenyewe huonyesha injini ilikotoka. Kwa hiyo risiti ya muuzaji na karatasi za forodha zihifadhiwe tangu siku ya kwanza. Injini isiyo na karatasi huenda imetoka katika gari la wizi, hata bei yake ikiwa nzuri namna gani.

Kampuni ya bima nayo iambiwe. Mteja akificha badiliko kubwa kama hili, kampuni inaweza kukataa kumlipa siku ya ajali.

Kwa fundi aliyejifunzia gereji, NITA hutoa mtihani wa ufundi kuanzia Daraja la Tatu hadi la Kwanza. Cheti hicho humsaidia mteja kujua anamkabidhi nani gari lake.

Oili chafu

Kazi moja ya injini hutoa lita kadhaa za oili kuukuu na maji ya rejeta. Zikimwagwa mtaroni, mvua huzipeleka kwenye hori za Tudor na Port Reitz, kwenye mikoko ambamo samaki na kaa huzaliana. Oili ikusanywe katika mtungi wenye kifuniko na kupewa mkusanyaji mwenye leseni ya NEMA. Maji ya rejeta yawekwe katika mtungi wake, mbali na watoto na mifugo, kwa sababu ladha yake tamu huwavutia na ni sumu.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini boli za bushi hukazwa gari likiwa limesimama kwa magurudumu?
2. Kasi ikipanda kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa, nishati ya kumalizwa na breki huongezeka mara ngapi?
3. Ni vitu gani vinavyopaswa kununuliwa pamoja na injini?
4. Ni karatasi zipi zinazoonyesha injini ilikotoka?

Anayeshindwa kujibu swali lolote kati ya haya asubiri kidogo kabla ya kutoa malipo ya awali. Wahenga walisema mwenye pupa hadiriki kula tamu.