SOMO: KIPIMO SAHIHI NI KINGA YETU



Katika mashamba tunayoyatembelea tumewakuta wenzetu wakipima dawa ya wadudu kwa kizibo cha chupa. Dawa ikizidi, mchanganyaji ndiye wa kwanza kudhurika. Majani ya mimea yakiungua, ndiye anayeulizwa. Kwa hiyo leo tujifunze vyombo vya maabara vya kupimia maji.

Vyombo hivi si sawa. Bika ina mistari, lakini ni ya kukadiria tu. Silinda ya kupimia ni bora zaidi: ile ya mililita 100 ya daraja A huruhusiwa kukosea kwa nusu mililita hivi. Pipeti ya mililita 10 ya daraja hilo huruhusiwa kukosea kwa mililita 0.02 tu. Chupa ya ujazo ina mstari mmoja shingoni. Shingo yake ni nyembamba ili hata kosa dogo lionekane.

Namna ya kusoma silinda:

1. Iweke juu ya meza iliyo sawa. Usiishike mkononi.

2. Inama mpaka jicho lilingane na uso wa maji.

3. Maji ndani ya kioo hupanda kidogo pembeni na kubonyea katikati. Soma pale yanapobonyea, chini kabisa.

Ukitazama kutoka juu, utasoma zaidi ya kilichomo. Ukitazama kutoka chini, utasoma pungufu, kisha utaongeza dawa isiyohitajika. Hivyo sumu huzidi bila mtu kukusudia.

Jambo la kukumbuka daima: pipeti haivutwi kwa mdomo, hata kama msimamizi ana haraka. Hutumiwa mpira wa kufyonzea. Vaa glavu unapopima dawa, na chombo kilichopimia dawa kisiende jikoni kamwe.

Ndugu, silinda ya kupimia si anasa. Ni kifaa cha kazi kama jembe na panga, na mwajiri ndiye anayepaswa kukitoa. Tukidai pamoja, ni vigumu kutunyima.

Maswali ya kujadili tawini:

1. Kazini kwenu dawa hupimwa kwa chombo gani?

2. Nani husoma maelezo ya kipimo kwenye lebo, na je, yako katika lugha mnayoielewa?

3. Mjumbe wenu atapeleka dai gani katika mkutano ujao na mwajiri?