Utoaji wa Kikristo: Mchango kwa Ajili ya Yerusalemu (2 Wakorintho 8–9)

Baada ya kusoma mada hii uweze: kueleza chanzo cha mchango, kufafanua kanuni za utoaji alizofundisha Paulo, na kuzihusisha na maisha yako.

Usuli

Nabii Agabo alitabiri njaa kubwa, nayo ikatokea wakati wa Kaisari Klaudio (41–54 B.K.). Waumini wa Antiokia waliwapelekea ndugu wa Uyahudi msaada, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake (Matendo 11:27–30). Miaka kadhaa baadaye Paulo aliendesha mchango mwingine katika Galatia, Makedonia na Akaya kwa ajili ya watakatifu maskini wa Yerusalemu. "Watakatifu" hapa ni Wakristo wa kawaida walio hai.

Korintho ulikuwa mji wa biashara wenye bandari mbili. Wakristo wake walianza kuchanga mwaka mmoja kabla, lakini walikuwa hawajamaliza. Kumbuka hali hii, kwa kuwa Paulo anawaandikia watu ambao tayari wameahidi na bado hawajatekeleza.

Kanuni za utoaji

1. Msingi ni Kristo (8:9). Yeye aliyekuwa tajiri alikubali kuwa maskini kwa ajili ya wengine. Mkristo hatoi ili apendwe na Mungu. Hutoa kwa sababu amekwisha kupendwa.

2. Kipimo ni uwezo na nia (8:1–5, 12). Wamakedonia walikuwa maskini na wenye dhiki, lakini waliomba wenyewe nafasi ya kushiriki. Hata hivyo, hakuna anayedaiwa asichonacho. Methali yetu inasema vivyo hivyo: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

3. Hiari na furaha (9:7). Kila mtu aamue moyoni mwake bila kulazimishwa. Linganisha na Anania na Safira (Matendo 5:1–11): shamba lilikuwa lao, na kosa lao lilikuwa uongo.

4. Usawa (8:13–15). Lengo si mmoja ataabike ili mwingine astarehe. Aliye na ziada leo amsaidie aliyepungukiwa, kwa kuwa kesho mambo yanaweza kugeuka. Paulo anakumbusha habari ya mana (Kutoka 16).

5. Utaratibu na uwazi (1 Wakorintho 16:1–4, 2 Wakorintho 8:16–22). Kila mtu aweke akiba siku ya kwanza ya juma. Fedha hazikubebwa na mtu mmoja: Tito alitumwa pamoja na ndugu wawili, ili asiwepo wa kulaumu.

6. Matunda (9:11–14, Warumi 15:25–27). Wahitaji wanasaidiwa, Mungu anashukuriwa, na Wakristo wa Mataifa wanaungana na wale wa Kiyahudi.

Matumizi katika maisha

Mwenzenu akifiwa, darasa huchangishana rambirambi. Hapo ndipo mada hii inapokupima. Je, uliyeandika jina umelipa, au uko kama Wakorintho? Je, mtunza fedha anahesabu akiwa na wenzake na kutangaza jumla mbele ya wote? Je, kiasi cha kila mmoja kinasomwa hadi mwenye kidogo anaona aibu? Paulo aliwasifu Wamakedonia bila kutaja kiasi walichotoa.

Kama huna fedha kabisa, bado una kitu. Kumweleza mwenzako hesabu usiku wa kuamkia mtihani, wakati nawe unahitaji muda huo, ni kutoa katika upungufu. Wala huhitaji kumwachia muda wako wote. Kanuni ya nne inakulinda.

Makosa ya kuepuka

- Kuandika kwamba Paulo alidai fungu la kumi. Sura hizi hazilitaji.
- Kusema Wamakedonia walitoa kwa kuwa walikuwa matajiri.
- Kuorodhesha kanuni bila maelezo wala fungu la Biblia.

Swali la mfano

"Maskini hawezi kuwa mkarimu." Jadili dai hili kwa kutumia 2 Wakorintho 8–9.

Mwongozo: Anza kwa kueleza maana ya ukarimu. Pinga dai kwa mfano wa Wamakedonia na kipimo cha nia. Kisha onesha upande wa pili: Paulo hamtaki mtu atoe asichonacho, na maskini naye ana haki ya kupokea bila kudharauliwa. Toa mfano mmoja wa maisha ya leo. Hitimisha kwa msimamo wako. Jibu linalotazama pande zote mbili lina nguvu kuliko linalokataa dai tu.

Zoezi

1. Eleza hali iliyomfanya Paulo awaandikie Wakorintho kuhusu mchango.
2. Fafanua kanuni nne za utoaji, kila moja kwa fungu lake.
3. Kamati ya kanisa imekusanya fedha za kuwasaidia waathirika wa mafuriko. Ishauri jinsi ya kuzitunza na kuzifikisha, ukitumia mfano wa Tito.