Darasa: Nguruwe Katika Sinema

Mzazi mmoja wa darasa letu ametuletea suala. Alimkuta mwanawe akitazama katuni ya nguruwe, akaizima kwa ghadhabu na kumwamrisha akatawadhe. Mtoto akauliza: "Baba, kwani picha nayo ni najisi?" Mzazi hakuwa na jawabu. Ndugu msomaji, suala hili si dogo, kwani mtoto akatazwaye bila ya hoja huliwacha jambo mbele ya baba yake, na akampa kisogo hulirudia.

Tuanze na hukumu. Qurani imeharimisha nyama ya nguruwe katika sura nne: Al-Baqara, Al-Maida, Al-An'am na An-Nahl. Lililokatazwa humo ni kula, na hata hapo, aliyedharurika kwa njaa pasi na kutaka kuasi amesamehewa. Ama mnyama akiwa hai, wengi wa wanavyuoni wamesema ni najisi, na wafuasi wa Imam Malik wamesema ni tahiri. Lakini khitilafu hiyo ni juu ya mwili wake. Picha haina mate wala jasho la kumchafua mtu. Na khitilafu ya kuchora vyenye roho ni mlango mwingine, wenye kumhusu farasi na paka kama umhusuvyo nguruwe.

Wala hatukuamrishwa kumtukana mnyama huyu. Aliyemuumba ngamia ndiye aliyemuumba yeye.

Sasa tuzitazame sinema zenyewe, tuone nguruwe huwekwa humo kwa kazi gani.

Mwaka 1995 ilitolewa sinema ya Babe, iliyotengenezwa Australia. Nguruwe mdogo ajifunza kuchunga kondoo, na awashinda mbwa kwa kuwa asema nao kwa adabu. Kwa kuwa mnyama huyu hukua upesi, walitumika watoto wa nguruwe 48 kwa sura hiyo moja. Mwenye kuitazama hafundishwi kula nguruwe. Aghlabu hutoka akimwonea huruma asichinjwe.

Kabla yake, mwaka 1954, John Halas na mkewe Joy Batchelor walitoa katuni ya Animal Farm, iliyotokana na kitabu cha George Orwell, ambacho kwa Kiswahili huitwa Shamba la Wanyama. Nguruwe humo ni watawala walioahidi usawa, kisha wakawadhulumu wenzao. Kitabu chaisha wanyama wakiwa bado chini ya dhulma. Katika sinema wainuka dhidi ya nguruwe. Na fedha zake zilitoka kwa siri katika shirika la ujasusi la Marekani, CIA. Watazamaji wa siku zile walisomeshwa siasa wasimjue mwalimu wao.

Lakini mfano ulio mkubwa ni katuni ya nguruwe watatu, Three Little Pigs, aliyoitoa Walt Disney mwaka 1933, ikapata tuzo ya Oscar. Mbwa mwitu ajigeuza sura apate kufunguliwa mlango, na sura aliyovishwa ni ya mchuuzi wa Kiyahudi, kwa pua ya bandia, ndevu na matamshi ya kudhihaki. Hayo yalikuwa katika mwaka ule ule Hitler aliposhika utawala Ujerumani. Kipande hicho kilikuja kuchorwa upya mwaka 1948, baada ya Mayahudi mamilioni kuuawa Ulaya.

Basi na tupime. Mzazi ambaye katika katuni ile haoni ila nguruwe, amekishika kisicho na dhara na kukiachilia chenye sumu. Kuwadhihaki watu wa kaumu nyingine kumekatazwa waziwazi katika Sura ya Al-Hujurat. Nguruwe aliyechorwa hakumdhuru mtu. Ila mtoto aliyezoezwa kucheka pua ya mwenziwe amekwisha kudhurika, naye hajui.

Kwa hivyo, enyi wazazi, msiizime picha mkaondoka. Kaeni na watoto wenu mtazame pamoja, kisha waulizeni: ni nani aliyedhihakiwa hapa? Ni nani aliyedhulumiwa? Na aliyetengeneza picha hii ataka tuamini nini?

Na mtoto yule ajibiwe hivi: "Picha si najisi, mwanangu. Nyama yake hatuli, kwa kuwa Mola wetu ametukataza. Na watu hatuwadhihaki, kwa kuwa hilo nalo ametukataza."

Wallahu aalam.