Vidukari kwenye Sukuma Wiki na Kabichi

Mnunuzi afikaye gengeni Manzese jioni, akageuza jani la sukuma wiki na kulikuta limetapakaa kitu mfano wa majivu, aghalabu hulirudisha na kuchukua fungu jingine. Majivu hayo ni wadudu hai. Wakulima wengi huwaita wadudu mafuta. Jina lao jingine ni vidukari, na aina hii hujulikana kitaalamu kama Brevicoryne brassicae.

Kidukari huyu ana urefu wa takriban milimita 2. Mwili wake ni laini, wa kijani kilichofifia, nao umefunikwa na unga wa nta wenye rangi ya kijivu. Nta hiyo huyafanya maji yateleze, ndiyo maana kulimwagia jani maji juu juu hakutoshi kuwaondoa. Mdomo wake ni kama sindano: huudunga ndani ya jani na kufyonza utomvu, hata jani likajikunja na kugeuka njano.

Hukaa chini ya majani, kwenye mikunjo na kwenye machipukizi laini ya katikati. Hufuata mimea ya jamii ya kabichi tu. Wale waonekanao kwenye kunde ni wa aina nyingine.

Uzazi wake unastaajabisha. Katika nchi za baridi hutaga mayai ili kuvuka majira ya baridi. Katika joto la Dar es Salaam hana haja ya yai wala dume: jike huzaa watoto walio hai, karibu wote majike. Mtoto hujivua ngozi mara nne, na baada ya siku 7 hadi 10 hivi huanza kuzaa naye. Ngozi hizo nyeupe hubaki zimenata kwenye jani, na wengi hudhani ni mayai. Kundi likisongamana, huzaliwa wenye mabawa, wakahamia bustani nyingine. Mvua kubwa huwaangusha, hivyo huongezeka zaidi wakati wa kiangazi.

Kidukari hana sumu, wala hamwambukizi mlaji ugonjwa. Tunalisisitiza hili kwa sababu mnunuzi akatapo kila jani lenye mdudu, mkulima hushawishika kupuliza dawa hata siku moja kabla ya kuvuna. Kibandiko cha kila kiuatilifu kilichosajiliwa hutaja siku za kungoja kati ya kupuliza na kuvuna. Zisipozingatiwa, jani hufika sokoni likiwa safi na la kupendeza, nalo limebeba mabaki ya dawa. Baadhi ya dawa huingia ndani ya jani lenyewe, na hizo haziondoki kwa kuoshwa. Kwa maoni yetu, vidukari wachache ni kasoro ndogo kuliko usafi wa namna hiyo.

Nyumbani, tenganisha majani, yaloweke dakika chache katika maji yenye chumvi kidogo, kisha sugua upande wa chini kwa vidole na kuyasuuza kwa maji yanayotiririka. Kabichi iondolewe majani ya nje kwanza. Majani yaliyojikunja na kuwa njano yatupwe. Gengeni, muulize muuzaji mboga zimetoka bustani gani na zilipulizwa dawa lini. Fungu linalonuka dawa lisinunuliwe, hata likiwa la bei nafuu.