Mtoto Mwenye Usonji Ana Hisia: Tujifunze Kuzisoma

Somo la robo hii linahusu swali ambalo wazazi wengi wanatuuliza: mtoto mwenye usonji anahisi nini, na anatuambiaje?

Usonji ni tofauti katika ukuaji wa ubongo. Hauambukizi, wala si laana. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner, nchini Marekani, aliandika habari za watoto 11 wenye hali hii. Baadaye baadhi ya wataalamu waliwalaumu akina mama, wakidai kuwa hawakuwapenda watoto wao vya kutosha. Bruno Bettelheim alieneza dai hilo katika kitabu cha mwaka 1967. Utafiti umelikataa. Hata hivyo, kwetu mama bado hulaumiwa kwa namna nyingine: amevunja mwiko, amelogwa, au mtoto ana pepo. Matokeo yake mtoto hufichwa ndani, hupigwa, au hukemewa mbele ya watu.

Kwa nini tunashindwa kuzisoma hisia zake?

Kwanza, milango yake ya fahamu hupokea mambo kwa namna tofauti. Sauti ya spika ambayo sisi tunaifurahia inaweza kumuumiza. Lebo ya shati shingoni inaweza kumsumbua kutwa nzima.

Pili, wengi wao, ingawa si wote, hupata shida kutambua na kutaja wanachohisi. Mtoto mwenye hofu anaweza kusema tumbo linauma, kwa sababu tumboni ndiko anakoisikia hofu hiyo.

Tatu, huzionyesha kwa njia yake. Furaha inaweza kuonekana kwa kupunga mikono au kurukaruka. Wasiwasi kwa kujitikisa, kurudia neno lile lile, au hata kucheka. Asipokutazama usoni, usidhani hakujali. Mwaka 2012 Damian Milton wa Uingereza, msomi ambaye mwenyewe ana usonji, alieleza kuwa kutoelewana huku ni kwa pande mbili: wao hupata shida kutusoma sisi, na sisi hupata shida kuwasoma wao.

Kudeka na kuzidiwa ni mambo mawili

Mtoto anayedeka hutaka kitu, na akipewa hunyamaza. Mtoto aliyezidiwa na kelele, msongamano au mabadiliko ya ghafla hupiga mayowe, hujipiga au hukimbia, na hata ukimpa pipi hatulii. Wengine hunyamaza kimya kabisa. Kumchapa mtoto aliyezidiwa ni kumwongezea mzigo.

Tufanye nini?

1. Mpeleke mahali patulivu. Tumia maneno machache na sauti ya chini. Usimlazimishe akutazame, wala usimshike kwa nguvu isipokuwa kumwepusha na hatari.
2. Akishatulia, msaidie kutaja hisia kwa picha za nyuso: furaha, hasira, hofu, maumivu.
3. Mweleze mapema kitakachotokea, hasa ratiba inapobadilika.
4. Mzazi aandike katika daftari kilichotangulia kila tukio. Baada ya wiki chache sababu huanza kuonekana.
5. Mtoto asiyezungumza akibadilika tabia ghafla, apelekwe kituo cha afya achunguzwe. Huenda ni jino au sikio linamuuma, na hana njia nyingine ya kusema.

Kwa kamati za sharika, mengi ya haya hayahitaji fedha nyingi. Kupunguza sauti ya spika, kuiachia familia benchi karibu na mlango, na kutenga chumba kimoja cha utulivu wakati wa ibada kunaweza kumrudisha kanisani mama aliyeacha kuja kwa aibu. Kwa wafadhili wetu, mchango unaogharamia mafunzo ya walimu wa shule ya Jumapili na vikundi vya wazazi humfikia mtoto moja kwa moja, kwani hao ndio anaokaa nao.

Maswali ya kujadili

1. Je, katika mtaa wetu kuna mtoto anayefichwa? Nani ataitembelea familia yake, na lini?
2. Mtoto akipiga mayowe katikati ya ibada, wazee wa kanisa hufanya nini sasa? Wafanye nini kuanzia leo?
3. Ni sauti au desturi gani katika jengo letu inayoweza kumzidi mtoto wa namna hii?

Tunaomba kila kamati iandike majibu yake na kuyaleta katika kikao kijacho cha jimbo.