Kisu cha Kukunja: Namna ya Kukichagua Kariakoo

Mtu atokaye wilayani akafika Dar es Salaam kwa shughuli zake hakosi kupita Kariakoo kabla ya kurudi kwao. Anayo orodha aliyopewa na watu wa nyumbani: kanga, madaftari ya watoto, dawa ya mifugo, betri za tochi. Zikisalia fedha kidogo hujinunulia kisu cha mfukoni, nacho hukinunua kwa haraka kuliko vitu vyote, kwa kuwa saa ya basi imekaribia. Kwa hiyo twaona yafaa kuwaeleza wasomaji wetu, hasa walimu na wakubwa wa vijiji ambao watu huwaendea kuuliza mambo ya namna hii, jinsi ya kukitambua kisu chema kwa bei iliyo ndani ya uwezo wa mtu wa kawaida.

Jina la Kariakoo, kama wengi wajuavyo, latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliochukua mizigo ya jeshi la Waingereza katika vita vya 1914 hadi 1918, ambao kambi yao ilikuwa mahali pale. Maelfu kwa maelfu ya wapagazi hao walikufa, wengi wao kwa maradhi. Jengo kubwa la soko lililochorwa na Beda Amuli lilifunguliwa mwaka 1975, nalo liliungua moto Julai 2021. Lakini vitu vidogo vya chuma havikungoja jengo: viko katika mitaa iliyolizunguka, juu ya meza, juu ya turubai lililotandikwa chini, na mikononi mwa machinga watembeao. Huko ndiko kisu kinakotafutwa, na huko ndiko mnunuzi anakopotezwa na rangi ya mpini.

Kwanza tazama chuma. Visu hufanywa kwa pua, na pua ni za namna mbili. Namna ya kwanza ni pua ya kaboni, ile ya zamani. Hunoleka upesi hata kwa jiwe la mtoni, hushika makali vizuri, lakini hupenda kutu. Na hapa pwani, penye hewa ya chumvi, ukimenya chungwa ukakisahau mfukoni bila kukipangusa, asubuhi utakikuta kimeingia madoa. Namna ya pili ni pua iliyochanganywa na madini ya kromi, si chini ya sehemu 10 na nusu katika kila 100. Habari za pua hii zilienea baada ya Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, kuifanya mwaka 1913. Yeye hakuwa akitafuta kisu. Alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika upesi.

Basi ukisoma juu ya bapa neno Stainless, au Inox, au Rostfrei, jua kwamba yote matatu yana maana moja, kwa Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani: hakishiki kutu kwa urahisi. Maneno hayo yasema habari ya kutu tu. Hayasemi neno lolote juu ya ugumu. Kisu chaweza kung'aa kama kioo miaka 10 na makali yake yakawa laini kama bati. Hapa ndipo watu wengi wanapodanganyika, kwa kuwa wauzaji nao husoma neno hilo kwa sauti kana kwamba ni cheti. Kadhalika jina la mji wa Solingen, Ujerumani, limelindwa na sheria ya nchi ile tangu mwaka 1938, lakini sheria hiyo haimzuii mtu wa mbali kulipiga jina hilo juu ya chuma chochote apendacho.

Ugumu utaupimaje sokoni? Usiupime kwa kidole, wala usiridhike kwamba kisu kipya chakata karatasi. Kila kisu kilichotoka kunolewa kiwandani hukata karatasi. Omba kipande cha kamba ya katani. Katani, ambayo mche wake uliletwa nchini na Richard Hindorf mwaka 1893, ina nyuzi kali zinazokula makali kuliko nyama au mbao. Ikate kamba hiyo mara 20 juu ya ubao, kisha rudia karatasi yako. Kisu chenye pua njema kitaikata tena. Kibovu kitaichana na kuikunja. Muuzaji asiyekubali jaribio hili usigombane naye, sogea meza ya pili. Akikubali, mlipe kamba yake hata kama hukununua.

Baada ya chuma tazama maungo. Kisu cha kukunja ni kisu kilichovunjika katikati kikaungwa kwa bawaba, na udhaifu wake wote uko pale. Kifungue, ushike mpini kwa mkono mmoja na bapa kwa mwingine, ukitikise kushoto na kulia: kikicheza kikiwa kipya, baada ya mwezi kitakuwa kama jino la mzee. Kifunge, ukitazame kwa juu. Bapa lapasa kulala katikati ya mpini, lisiguse upande wowote. Vilivyokazwa kwa skrubu vyaweza kukazwa tena nyumbani. Vya ribiti mbovu havina dawa isipokuwa nyundo ya fundi.

Kisha uulize: je, kikifunguka, nini chakizuia kujifunga? Vingine vina kamani ya mgongoni tu, inayolisukuma bapa lakini hailifungi. Hivyo vyatosha kwa kuchonga penseli, kumenya matunda na kukata uzi. Vingine vina kifungio cha kweli, ambacho lazima kisogezwe kwa kidole ndipo bapa likunjike. Mtu anayechoma ncha ndani ya gunia au ngozi na ahakikishe kwamba anacho kifungio, kwa maana kisu kikijifunga juu ya vidole hukata kano, na kano iliyokatika huacha kidole kisichokunjika tena. Kupima ni rahisi: kifungue, vidole vikiwa nje ya njia ya makali, ukikandamize mgongo wa bapa juu ya ukingo wa meza. Kikilegea, kirudishe.

Katika kisu chenye asili ya kutuhusu sisi, kifungio hicho kimefanywa kwa meno na pete ya chuma. Kisu hicho huitwa Okapi. Kilianza kufanywa Ujerumani mwaka 1902 kwa kuuzwa katika makoloni ya Wajerumani ya Afrika, na nchi yetu ilikuwa mojawapo. Kilipewa jina la mnyama wa msitu wa Ituri, Kongo, jamaa ya twiga, ambaye wataalamu wa Ulaya walimtia vitabuni mwaka 1901 tu, ingawa wenyeji walimjua tangu zamani. Mpini wake ni wa mbao wenye mwezi na nyota za madini, bapa lake ni pua ya kaboni, nacho hulia kinapofunguliwa. Wajerumani waliacha kukifanya, na sasa hufanywa Afrika Kusini. Ni kisu cha bei nafuu na chenye kazi, ila kimejipatia sifa mbaya katika miji kadhaa kwa ajili ya watu waliokitumia kwa ugomvi.

Jambo hilo latuleta katika urefu. Bapa la inchi 3, yaani sentimita 7 na nusu hivi, latosha kazi zote za mfukoni. Kirefu zaidi ya hapo hakiongezi kazi, huongeza maswali. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, yakataza mtu kwenda hadharani na silaha bila sababu ya halali kwa namna ya kuwatia watu hofu. Mwenye kisu kidogo ndani ya mfuko pamoja na kalamu na uzi ana jibu la kumpa askari. Mwenye kisu kirefu kinachofyatuka kwa kidole kimoja, usiku, penye umati, jibu lake ni gumu. Na asafiriye kwa ndege akiweke katika mzigo unaokwenda chini, la sivyo atanyang'anywa mlangoni.

Kuhusu bei, tufanye hesabu ya mfano. Tuseme mtu anunua kisu cha shilingi 5,000 kinachokufa kila miezi 3. Kwa mwaka ametoa 20,000, na mwisho wa mwaka hana kisu. Mwenzake ametoa 15,000 mara moja. Hata hivyo twasema wazi: mkulima ambaye kazi yake ni kukata kamba, kuchuna mbuzi na kuchonga mipini hahitaji kisu cha kukunja hata kidogo. Kisu kifupi kisichokunjwa, ndani ya ala ya ngozi, kina nguvu zaidi kwa bei ndogo zaidi, wala hakina bawaba ya kufa. Cha kukunja ni cha mwalimu, karani, mchuuzi, na yeyote asiyependa kufunga ala kiunoni.

Ukishakipata, usikinoe kwa tupa wala kwa gurudumu la umeme la fundi mwenye haraka, kwa maana moto wa gurudumu hulegeza pua, na ukingo ukigeuka rangi ya samawati ugumu umekwisha kutoka. Tumia kinoo kilicholowa maji, ukilaza bapa kidogo, kama mtu anayetaka kubandua karatasi juu ya jiwe, upande huu mara 10 na upande huu mara 10. Mchanga ukiingia katika bawaba, kioshe kwa maji safi, ukikaushe juani, kisha tia tone moja la mafuta ya cherehani. Mafuta ya nazi hayafai hapo. Baada ya wiki chache huganda na kukusanya vumbi.