MAKSAI WA KUUZA NA MAJANI YA KIANGAZI
Maneno kwa Wafugaji wa Shinyanga na Nchi za Jirani

Ewe mfugaji, wajua vema jinsi mifugo yako inavyonawiri mvua zinapokwisha. Mwezi wa Mei maksai huwa na mgongo mpana, nundu yake imesimama, na ngozi yake yang'aa. Lakini mwezi wa Oktoba ng'ombe yule yule huhesabika mbavu. Hasara hii haipigiwi yowe, maana ng'ombe hakufa wala hakuibiwa. Hata hivyo sehemu ya mali yako imekwisha kutoweka. Katika karatasi hii twataka kukuonyesha sababu yake, na jinsi ya kuipunguza.

SABABU YA NG'OMBE KUKONDA

Watu wengi hudhani ng'ombe hukonda kwa uchache wa majani tu. Hiyo ni nusu ya habari. Majani yakikomaa na kukauka hubaki nyuzi tupu, na protini yake hupungua sana. Ndani ya tumbo la ng'ombe mna vijidudu vingi vinavyosaga majani, navyo vyahitaji protini ili viishi. Vikiikosa hudhoofika, majani hukaa tumboni siku nyingi bila kusagika, na ng'ombe hushindwa kula kiasi kimtoshacho. Ndipo hutumia mafuta yake mwenyewe, kisha nyama yake.

HESABU ISIYO NGUMU

Ng'ombe hula kwa siku majani makavu yapatayo kilo 2 na nusu kwa kila kilo 100 za uzito wake. Basi maksai wa kilo 300 huhitaji kilo 7 na kidogo. Tuseme una maksai 5 wa namna hiyo, nawe wawaweka siku 120 za kiangazi. Hata tukihesabu kilo 7 tu, watakula kilo 4,200 za majani. Tuseme tena kwamba kila mmoja apungua kilo 40. Kwa wote 5 ni kilo 200 za uzito wa ng'ombe hai. Na kwa kuwa nyama pamoja na mifupa yake ni karibu nusu ya uzito huo, umepoteza kiasi cha kilo 100 za nyama. Umelisha kilo 4,200 ili upate hasara ya kilo 100! Na majani hayo yangalimfaa ng'ombe mwenye mimba, au maksai wa jembe, ambaye mvua za Novemba zikianza hutakiwa kulima hali miguu yamtetemeka.

NANI AUZWE, NANI ABAKI

Hatukuambii uuze kundi lako. Twajua ya kuwa ng'ombe ndio mahari ya vijana, ada ya shule, na kinga ya nyumba mwaka wa njaa. Lakini kundi huendelezwa na majike, maksai hazai. Kwa hiyo fanya hivi:

1. Mwezi wa Mei au Juni, chungulia vinywa vya maksai wako. Aliyekwisha ota meno yote 8 ya mbele ya ukubwa amekoma kukua. Kumweka zaidi hakumwongezei mwili. Huyo, kama si wa jembe, apelekwe mnadani angali mnene.

2. Jike mzee asiyeshika mimba auzwe vilevile.

3. Usimuuze mtamba mzuri kwa haja ya fedha kidogo. Huyo ndiye kundi lako la kesho.

4. Kabla ya kwenda mnadani mpime ng'ombe kwenye mizani, au kwa tepe la kifua, linalozungushwa nyuma ya miguu ya mbele. Asiyejua uzito wa mali yake hupangiwa bei na mwingine.

NGITILI

Dawa ya pili mliachiwa na wazee wenu. Wasukuma tangu zamani walifunga sehemu ya malisho mvua zinapoanza, wakaifungua kiangazi kinapokuwa kikali, ili wapate kulisha ndama, majike na ng'ombe wa jembe. Desturi hii ilidhoofika watu walipohamishiwa vijijini katika miaka ya 1970, hata nchi nyingi ikabaki tupu. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, iitwayo HASHI, na watu wakazirudisha ngitili zao. Miti na majani yalirudi mahali pengi, na mwaka 2002 kazi hiyo ilipewa tuzo ya Equator ya mataifa.

Ukiwa na ngitili, usiifungue yote kwa siku moja, maana ng'ombe wataikanyaga kuliko watakavyoila. Igawe sehemu, nawe uwalishe sehemu moja baada ya nyingine. Ilinde na moto kwa kufyeka njia pana pembeni. Na kwa kuwa majani makavu hayana protini ya kutosha, majike wanyonge wapewe pia mashudu ya pamba, hata kama ni kilo 1 kwa siku. Yatavisaidia vijidudu vya tumbo kusaga majani yaliyopo.

MWISHO

Wahenga walisema akiba haiozi. Ni kweli kwa majani ya ngitili. Si kweli kwa unene wa maksai, ambao hupukutika kila siku ya jua. Basi mwaka huu, kabla umande haujakauka, keti na jamaa yako mhesabu ng'ombe mlio nao na majani mliyo nayo. Ng'ombe wakizidi majani, chagueni ninyi wenyewe nani aondoke, kabla kiangazi hakijawachagulia.